Mjadala: Ile shilingi 50 ya NITA na haya mafunzo, nani hupima kama yanafaa?

Karakana ya Kariobangi
Wakubwa, salaam. Nina wafanyakazi 22. Kila mmoja ninamlipia tozo ya NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani hapa Kenya, shilingi 50 kwa mwezi. Hiyo ni 1,100 inaondoka, ndiyo sheria, sina neno. Ukipeleka watu kwa mafunzo yaliyoidhinishwa, unaweza kudai gharama urudishiwe. Mwaka jana nikapeleka wanne. Wamerudi na vyeti na picha nyingi za WhatsApp. Nauliza: nitajuaje kama wamejifunza? Na mwajiri asiyeweza kuonyesha matokeo, kweli arudishiwe pesa?

Binti wa Umoja
Kwani hawakujaza fomu? "Mkufunzi alieleweka? Weka alama 1 hadi 5." Hugawiwa saa kumi na moja kasoro, watu washabeba mikoba, wanawaza jam ya Jogoo Road. Wote 5, 5, 5. Hapo kinachopimwa ni sambusa.

Mkufunzi Daima
Nimefanya kazi hii miaka 16 na siwezi kukaa kimya nikitukanwa kwa sambusa. Dada, chakula huletwa na hoteli, si mimi. Kuna utaalamu wa kupima mafunzo. Someni Kirkpatrick, yule Mwingereza mwenye hatua tano, kabla ya kuongea.

Chaki Nyeupe
Kirkpatrick ni Mmarekani, na hatua zake ni nne, tangu 1959: watu walipokeaje mafunzo, walijifunza nini, wakirudi kazini wanafanya nini tofauti, na kazi yenyewe imepata nini. Ile ya tano, ya kupima faida dhidi ya gharama, iliongezwa na Jack Phillips. Miaka 16 ulikuwa unafundisha nini?

Mkufunzi Daima
Nne, tano, hoja ni ileile. Kuna watu kazi yao ni kuvizia makosa ya wenzao.

Lunga Lunga
Mwenye swali, chukua hii ya kwetu. Ghala, Industrial Area. Madereva wa foklifti walikuwa wanavunja mali vibaya. Zamu ya mchana ikapelekwa mafunzo siku mbili. Mlangoni kuna daftari, mzee wa stoo huandika kila katoni iliyopasuka. Mwezi uliofuata katoni zikashuka kutoka thelathini na kitu hadi kumi na mbili. HR akaandika ripoti, bosi akapiga makofi. Mzee akanyamaza, akafungua kurasa za zamu ya usiku. Wale hawakufunzwa hata dakika moja, na zao zimeshuka vilevile. Kumbe wiki ileile fundi wa stima alibadilisha taa za safu ya nyuma. Madereva walikuwa wananyanyua mizigo gizani, wakipapasa tu.

Baba Wawili
Binti wa Umoja, mimi ni mmoja wa hao wa 5, 5, 5. Fomu ina jina langu na anayekusanya ni HR. Nikiandika 2, safari ijayo Naivasha anaenda mwingine. Marupurupu ya zile siku tatu yalilipa karo muhula wa pili. Usinicheke.

Binti wa Umoja
Sikukucheka, lakini umekiri mwenyewe. Kampuni inalipa hoteli, inalipa mkufunzi, halafu wewe unadanganya kwa karatasi ili urudi kuogelea.

Baba Wawili
Kuogelea? Sijui hata kuogelea. Na wewe ulipopelekwa Mombasa uliandika ngapi?

Binti wa Umoja
4. Kwa sababu projekta iliharibika.

Chaki Nyeupe
Hahaha, alama moja imepunguzwa na waya. Lakini fomu ingekuwa bila jina, bado ingepima akili ikiwa moto. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na kitabu chake cha 1885 kinaonyesha mtu husahau kwa kasi mwanzoni. Wa Kariobangi, hesabu kazi mbovu kabla hawajaenda, uhesabu tena baada ya miezi mitatu, na uweke kando wachache ambao hawakwenda uwalinganishe.

Mkufunzi Daima
Hao wachache waachwe gizani ili wewe ufanye utafiti? Hiyo ni haki? Na hiyo hadithi ya taa inavunjia wakufunzi heshima. Labda zamu ya usiku ilijifunza kwa wenzao wa mchana.

Lunga Lunga
Hapo umenena, inawezekana. Mzee pia alisema hivyo. Lakini hizo zamu hukutana dakika tano getini, wakipeana funguo na kuulizana matokeo ya mpira.

Baba Wawili
Mkufunzi, na wewe ukilipwa kwa matokeo badala ya siku, utakubali?

Mkufunzi Daima
Nikilipwa kwa matokeo nitawafundisha wale wanaojua tayari. Wewe ungefanya tofauti?

Binti wa Umoja
Angalau huyu leo amesema ukweli. Sambusa nimeziondoa kwa kesi.

Karakana ya Kariobangi
Nimeenda leo kuangalia. Wale wanne wote wanafanya kazi kona ya kulehemu, na taa moja huko imekufa tangu Krismasi, hakuna aliyeniambia. Lunga Lunga, zile zenu mlinunua wapi?

Lunga Lunga
Luthuli Avenue, mjini Nairobi. Pima urefu wa paa kwanza, usije ukauziwa taa ya sebuleni.