Mrejesho: lile kondo lenye kipande cha pili

Wale mlioniambia nirudi niwajulishe, nimejifungua na sote tu wazima. Kwa wasiojua, niliuliza hapa kuhusu skani ya miezi mitano iliyosema kondo la nyuma lina kipande kingine kidogo pembeni, kimeunganishwa na lile kubwa kwa mishipa tu, nikataka kujua kama lazima nipasuliwe.

Si lazima. Daktari hapa Kisumu alirudia skani wiki ya 32, ile ya rangi inayoonyesha damu ikipita, maana shida ni mishipa ikikatiza mbele ya mlango wa kizazi, maji yakipasuka inaweza kukatika na hiyo damu ni ya mtoto. Yangu ilikuwa mbali kabisa, akasema zaa kawaida lakini hospitali yenye tiata (chumba cha upasuaji) na damu ya kuongezewa, si zahanati ya mtaani (mama mkwe alinuna kidogo).

Mtoto alitoka vizuri, kilo 3.1. Kondo lilipotoka sista akalitandaza kwa trei, akageuza utando polepole, akaona mishipa imefika ukingoni ikakatika na pembeni kuna tundu la mviringo, akasema kipande kimebaki ndani. Damu nayo ishaanza kuja nyingi. Wakanidunga oksitosini, ile dawa ya kukaza kizazi, dripu, daktari akaingiza mkono akakitoa, na hayo maumivu siyataki tena hata kwa dawa.

Aliyeuliza kama mtoto hukosa chakula tumboni kwa kondo la hivi, wangu hakukosa. Damu yangu ndio ilishuka, saa hii niko kwa tembe za madini ya chuma, maini na mboga ya osuga (mnavu) kila siku mpaka nimezichoka.