Jumba lile la Kamalondo: wasanii wapewe, au hapana?

Mwana-Kamalondo: Ndugu zangu wa L'shi, Lubumbashi yetu ya Kongo, mnalijua lile jumba la zamani la serikali mtaani kwetu, lenye mpapai uliotokezea dirishani. Mafaili yameozea sakafuni, na mama mmoja anaweka magunia yake ya makala, makaa ya kupikia, pale tulipokuwa tukipanga foleni ya kodi. Vijana wa mchezo wa kuigiza na wachoraji wameomba komini, yaani serikali ya mtaa, iwaachie. Mimi nasema wapewe. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipowakusanya wachoraji akina Pilipili Mulongoy na Bela hapa hapa mjini, karakana yao iliitwa Hangar, yaani banda tu, basi. Bela alichora kwa ncha za vidole, na picha zake zimefika makumbusho ya Ulaya. Leo tuna Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, wageni wanakuja, wanapiga picha, wanarudi kwao. Mtoto wa mtaa wa Katuba anabaki anafanya mazoezi chini ya mwembe. Mnaonaje?

Mama Katuba: Mwanangu, ngoma ni nzuri, ila wajukuu wangu wanabanana wanne kwenye benchi moja. Pale yanatoka madarasa sita. Halafu usiku, majirani walale saa ngapi?

Mwana-Kamalondo: Mama, kwa heshima yako: ngoma zinyamaze saa mbili usiku, zaidi ya hapo sina jibu. Ila jumba limekaa tupu miaka yote hiyo, sikusikia mtu akidai madarasa mpaka wasanii walipoomba.

Mzee wa Reli: Mnabishana bure wanangu, hata hamjauliza lupango, yaani kiwanja, ni wa nani. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya serikali, na anayesikilizwa ni mwenye cheti cha konsevateri, msajili wa ardhi. Kwetu vijana walisafisha depo iliyotelekezwa, wakaezeka mabati kwa pesa za mfukoni mwao. Chokaa haijakauka, akashuka bwana mmoja kwenye gari la vioo vyeusi, ameshika karatasi ya mihuri mitatu. Vijana wakatoka na ndoo zao. Jumba bovu halina mwenyewe, likishapakwa rangi wenyewe wanajitokeza watatu. Kwa hiyo msiguse hata ufagio kabla ya mkataba wa miaka inayojulikana, na uandikwe kwa jina la chama. Msiuweke kwa jina la prezida wa chama. Hiyo Hangar mnayoisifu ilimtegemea mtu mmoja. Alipofariki 1954 ikamezwa na shule ya sanaa ya mjini.

Mama Katuba: Hapo nimekuelewa, Mzee. Basi mkataba huo huo useme asubuhi vyumba viwili ni vya watoto kusomea, tena kwa maandishi, ahadi za mdomo tumezishiba. Na yule mama wa makala, kuna aliyemuuliza ataenda wapi?

Mwana-Kamalondo: Bado, Mama. Kesho nitapita kwake, na makala yenyewe yameniishia nyumbani.