Ati nitafute mteja kwanza ndipo nitafute programu ya fonti!!! Na mteja amesimama pale pale

Mchoraji_Nguba

Bandugu wa Bukavu, nimetoka pale sasa hivi. Naandika kwa simu kando ya barabara hapa Nyawera, vidole vinatetemeka, mnisamehe makosa.

Mnamjua. Sitamtaja. Yule mwenye imprimeri, duka la kuchapa, na jenereta ambayo ikikohoa, watu wa ng'ambo ya Ruzizi wanafunga madirisha.

Nimepeleka bashi la harusi, lile bango la turubai, faili ya Illustrator, programu ya kuchora. Anafungua, kinatokea kidirisha cha fonti zinazokosekana, yaani sura za herufi ambazo mashini yake haina. Mukubwa hasomi, anabonyeza tu kufunga. Jina la bibi harusi, lile nililolihangaikia mpaka macho yakavimba, likageuka Myriad, fonti ya kawaida tu ya programu. Nikanyamaza. Akasema usijali, nina fonti inayofanana na yako. Akaiweka. "Félicitations" ikatoka na maua kila mahali, ila pa é pamekaa kisanduku kitupu, kwa sababu fonti yake ni ya bure ya wizi isiyo na herufi za Kifaransa. Akafanya nini? Akachukua é ya Arial, fonti ya barua za ofisi, akaichomeka katikati. Ikasimama pale imenyooka kama polisi wa barabarani aliyealikwa kucheza.

Mimi kwa adabu, kwa adabu kabisa, nikasema: "Kaka, juu ya nini usiweke programu ya kupanga fonti? Kuna FontBase, ni ya bure."

Akageuza kiti. Akapandisha miwani. Foleni nzima inasikia: "Mdogo wangu, tafuta mteja kwanza, ndipo utafute programu ya fonti."

MTEJA ALIKUWA PALE. Mama wa bibi harusi. Pembeni yangu. Ameshika mkoba. Ndani ya mkoba mna pesa. Pesa yangu!

Na mama akacheka.

Mtu mwenyewe kila fonti aliyowahi kuona duniani ameimwaga ndani ya C:\Windows\Fonts, folda ambayo kila programu inaisoma. Akiwasha Photoshop unaweza kushuka Kadutu, ununue samaki wadogo wa sambaza, upande tena, ukaange, ule, unawe mikono, bado inasoma fonti. Zimo zile za herufi za mifupa. Zimo za Krismasi. Huyo ndiye wa kunifundisha mimi mambo ya mteja? Mteja AMESIMAMA PALE?

---

Kaliko_Kadutu

"Pesa yangu" 😂😂😂 nimeanguka

Namjua sana huyo. Kaliko ya kanisa letu, kile kitambaa cha tangazo, aliiandika kwa herufi zinazochuruzika damu, zile za filamu za kutisha. Tulipolalamika, pasta akasema ni damu ya Yesu, akalipa bei yote.

---

FundiBashi243

Kijana, Ctrl+Shift+O, maandishi yanakuwa mikunjo, yaani mchoro tu, fonti haihitajiki tena, hadithi imekwisha. Kwenye Corel, ile programu nyingine ya kuchora, ni Ctrl+Q. Mtu anapeleka faili kwenye imprimeri maandishi yakiwa bado hai halafu anakuja kulia hapa. Watu wa Nguba mnapenda sinema.

---

Mchoraji_Nguba

@FundiBashi243 mama alibadilisha ukumbi tukiwa MLANGONI. Ukishageuza mikunjo, jina la ukumbi utalihariri kwa kitu gani, kwa wembe? Nilikuwa na faili zote mbili kwenye flashi, ya mikunjo na ya kuhariri, na fonti zenyewe ndani ya folda kando yake. Ilikuwa kuziwasha tu. Hakuiona hata hiyo folda, alikuwa anatafuta la kuniambia mbele ya watu.

Na mama alicheka. Si tabasamu. Alicheka mpaka akamshika bega dada aliyekuwa nyuma yake.

---

Bibi_Kerning

Mwandishi ana haki ingawa ana kelele. Wenye imprimeri someni hapa.

Kusakinisha fonti na kuiwasha ni vitu viwili. Ukisakinisha, inakaa humo milele na kila programu inaibeba kila inapofunguka. Programu ya kupanga fonti inaziacha kwenye folda ya kawaida, hata diski ya nje, halafu unawasha zile za kazi ya leo tu. Kazi ikiisha unazima. Mashini inapumua.

Kwa mifuko yetu: FontBase ni ya bure kwa mambo ya msingi, inakaa Windows, Mac na hata Linux, na inakuletea Google Fonts, fonti za bure za Google, humo humo. Ina sehemu ya kulipia ila mimi sijawahi kuihitaji. Kama mashini ni mzee sana, NexusFont. Ni ya Windows tu, sura yake ya zamani, lakini nyepesi, na fonti za kwenye makundi yake zinafanya kazi muda wote ikiwa wazi. Ukiifunga zinalala, kwa hiyo msije hapa kusema zimepotea. Wa Corel mna Corel Font Manager ndani ya paketi yenu na nusu yenu hamjaifungua hata siku moja. Suitcase, ambayo siku hizi inaitwa Connect Fonts, ni nzuri sana na ni ya kulipia kila mwaka, waachieni mashirika. FontExplorer msiitafute, wenyewe kampuni ya Monotype waliacha kuiuza.

Na mukubwa wenu nadhani anazo zile fonti za Type 1, aina ya kizamani, alizorithi tangu enzi za Zaire. Adobe, wenye Illustrator na Photoshop, waliacha kuzikubali Januari 2023, Photoshop yenyewe ilizikataa tangu 2021. Kila akiona kidirisha cha fonti zinazokosekana anadhani ni virusi.

Kabla ya kuchagua programu yoyote lakini, andikeni é è ç ù kwa kila fonti mnayookota. Ikitoa kisanduku, futa. Hakuna programu itakayokuwekea herufi ambazo aliyeichora hakuzichora.

---

Mwana_wa_Ibanda

Kwenye Mac programu ya fonti, Font Book, imo tayari, siwaelewi mnavyohangaika

---

Kaliko_Kadutu

Mwenye Mac ameingia, simameni wote

---

SambazaFM

Swali langu dogo: bashi lilichapwa au halikuchapwa?

---

Mchoraji_Nguba

Lilichapwa. Na é ile ile. Mama alisema hiyo é ndiyo anaipenda, inasomeka kwa mbali.

---

FundiBashi243

😂😂😂😂😂 Tafuta mteja kwanza!

---

Kaliko_Kadutu

Natengeneza tisheti ya maneno hayo. Kwa Arial.

---

Panzi_Print

Sasa na sisi wa upande wa mashini tuseme. Mnatusema mno. Juzi kijana, naye anajiita dizaina, ananiletea logo aliyoipiga picha kwenye hali ya WhatsApp, asilimia ya betri inaonekana juu, anataka bashi la mita sita. Namwambia hii itatoka matofali matofali. Ananijibu "ipanue tu, mashini si ni yako?" Fonti gani ya kuwasha hapo? Mwingine analeta Word, ameweka nafasi kwa kubonyeza nafasi nafasi nafasi mpaka upande wa pili. Na wote wanataka jioni hii.

---

Bibi_Kerning

@Panzi_Print wa Word ni bora. Mimi naletewa kwa sauti. "Dada, andika vizuri vizuri, weka dhahabu."

---

SambazaFM

Halafu wakilipa ni dola iliyochanika.

---

Panzi_Print

USINIKUMBUSHE. Mchaniko mdogo kuliko punje ya mchele, pale pembeni. Yeye kaipokea kwa nani? Mimi naipeleka kwa mbadilishaji wa pesa anaitazama dhidi ya jua kana kwamba anatafuta mtoto tumboni, halafu anairudisha.

---

Mchoraji_Nguba

Bandugu, turudi kwenye mada. Alisema hivyo mteja akiwa AMESIMAMA

---

Kaliko_Kadutu

@Panzi_Print kuna mmoja pale Feu Rouge anazipokea zilizochanika, anakata kidogo. Ya 20 anakata mbili.

---

Mwana_wa_Ibanda

Mbili?? Mimi amenikata tano wiki jana, na yangu haikuchanika, ina muhuri wa wino tu

---

FundiBashi243

Ya muhuri huyo hawezi. Nenda kwa yule mama wa makala, anayeuza makaa nyuma ya soko, ila usimwambie umetumwa nami, nina deni lake

---

Panzi_Print

Mama wa makala yupi, wawili wako pale