Picha ya bibi: niiache na rangi au nyeusi na nyeupe?

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kuhusu picha ya uso wa bibi wa Kimakonde mwenye chale, iliyopigwa Mikindani, barazani, saa kumi jioni. Faili ni ya RAW, yaani data ghafi ya kamera. Itachapwa sentimita 40 kwa 60.

Kwenye rangi, kanga nyekundu inavuta jicho kabla ya uso. Ukuta wa bluu nao umetupa ubluu kwenye shavu la kushoto; ukirekebisha rangi ya picha nzima, la kulia linakuwa manjano kama limepakwa bizari.

Nyeusi na nyeupe inaondoa hayo, ila nyekundu ya kanga na kijani cha mlango vinageuka kijivu kile kile, bega halijulikani linaishia wapi. Halafu ngozi: kwenye programu ya kuhariri, mwanga wa rangi ya chungwa (ndiyo inayobeba ngozi) ukishushwa hadi -20 chale zinajitokeza vizuri, lakini mabaka nayo yanatoka na kivuli chini ya shungi kinaanza kuwa na chenga (vidoadoa). Ukipandishwa, ngozi inalainika na chale zinafutika, na bila chale hiyo picha ni ya nani tena?

Je, nipandishe mwanga wa nyekundu peke yake ili bega liachane na mlango, au nibaki na rangi na kupunguza tu ukolezi wa rangi ya kanga? Na kwa mashine ya kuchapa inayochanganya wino wa rangi kupata kijivu, mnazuiaje picha isitoke na ukijani?