Jiwe lenye mistari kama ubao: ni mti?

Wenzangu, shimo la msingi huku Mazeras, karibu na Mombasa, limetoa jiwe zito lenye mistari ya mbao. Mti hugeukaje jiwe?

Jibu 1: Lazima ufukiwe upesi kwa mchanga, tope au majivu ya volkano, hewa isiufikie. Maji ya ardhini yenye silika (madini yanayounda mchanga mweupe na kioo) hupenya kwenye seli, silika ikaganda humo kidogo kidogo. Ndiyo maana pete za ukuaji hubaki. Wekundu katika jiwe hutokana na chuma. Mti ukioza kwanza, hubaki umbo la nje tu.

Jibu 2: Mistari isikudanganye, hata jiwe la mchanga huwa nayo. Kwaruza kwa kisu: kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, silika ina 7 hivi, kisu 5.5, kwa hivyo kisu ndicho kitakachoacha alama ya kijivu. Tone la siki likitoa povu, kuna chokaa. Huku pwani jiwe la chokaa mara nyingi ni tumbawe. Kisha lowesha palipovunjika, tazama kwa lenzi ya mara 10: mti una safu za vitundu, mchanga chembe tu.

Jibu 3: Mawe ya mchanga ya Mazeras yanajulikana kwa miti ya namna hii. Usilikate wala kuling'arisha! Piga picha lilipokaa, uripoti Makumbusho ya Taifa, pale Fort Jesus, Mombasa.