Wenye gloriosum, tupeane uzoefu: huu mmea wa majani ya mahameli mnaulazaje?

Mwanzisha mada
Wakuu, gloriosum wangu wa kwanza umekufa, naandika kabla wa pili haujafuata. Nao ni filodendroni, jamii ya mimea ya mapambo, ila mimi nilizoea zile zinazopanda juu, basi nikauchomekea mti na kufukia shina lisimame imara. Wiki tatu baadaye nimeugusa tu ukatoka wenyewe: shina jeusi, laini kama ndizi iliyopitiliza, linanuka. Ndipo nikaambiwa kwao Kolombia unatambaa chini msituni. Mizizi ndiyo iingie udongoni, shina libaki juu linaonekana. Nyie mnafanyaje?

Mama Vyungu, Tanga
Pole mdogo wangu. Mimi vyungu vya duara niliviacha zamani. Ulikuwa ukifika ukingoni, kichwa, yaani ncha inayokua, kinaning'inia nje hakina pa kushika. Nikatafuta dumu la mafuta la lita 20, nikalilaza, nikakata ubavu wa juu, wa chini nikautoboa matundu. Mmea nimeuanzishia huku kitakoni, kichwa kinaelekea kwenye mdomo. Ndani ni makumbi ya nazi, vipande vya mkaa na samadi kidogo iliyooza sawasawa. Huu mwaka wa pili, hata nusu ya dumu haujafika. Mwendo wa kinyonga!

Wa Mlimani, Arusha
Huku baridi ya Juni ilinikomesha. Jani lilikaa limejiviringisha zaidi ya mwezi, kufunguka limechanika. Nimeuhamishia jikoni kwenye mvuke wa maharage.

Dada wa Kinondoni
Yangu msicheke. Shangazi alikuja kutusalimia, akaona majani "yamefubaa", akayapaka mafuta ya nazi yang'ae. Mahameli yote ikalala, majani yakabaki na mabaka kama kanga iliyomwagikiwa mchuzi. Nikanyamaza, shangazi ni shangazi. Siku hizi vumbi nalitoa kwa brashi ya poda.

Mwanzisha mada
Dada, nimecheka, nisamehe 😂 Mama Vyungu, ukitaka kupandikiza unakata wapi?

Mama Vyungu, Tanga
Hakikisha kipande kina majani mawili na mizizi yake. Kisu kiwe safi, kidonda kikauke siku nzima ndipo ukilaze juu ya makumbi. Na uvae glavu, utomvu wake unawasha. Mimi nilijikuna mpaka usiku wa manane. Kipande ninacho, nauli ya basi juu yako.