MREJESHO: Mabomu ya F-16 yaliyokuwa yanakosa shabaha

Wakuu, mimi ni yule niliyelalamika kwamba kwenye DCS World (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita), ramani ya Kaukasi, GBU-38 (mabomu yanayoongozwa kwa GPS) za ndege ya F-16C zinaanguka mbali na shabaha karibu na mji wa Kutaisi, ingawa nanakili namba za mahali pa shabaha kutoka ramani ya F10 (inayofunguka kwa kitufe cha F10) vilevile zilivyo. Tatizo limepatikana, na aibu ni yangu.

Ramani yangu ilikuwa inaonyesha digrii, dakika na sekunde. F-16 inataka digrii, dakika na desimali tatu za dakika. Mimi nikiona 42°10'45" najaza 42°10.450, kumbe 45 ukigawa kwa 60 unapata 0.75, yaani 42°10.750. Tofauti ni dakika 0.3. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852, kwa hiyo bomu lilikuwa linatua mita 556 kusini ya lori nililolenga! Hapo longitudo sijaigusa, nayo ilikuwa na vituko vyake.

Aliyeniambia nibonyeze vitufe vya Alt ya kushoto pamoja na Y nikiwa kwenye ramani, Mungu ambariki. Kila ukibonyeza, muundo wa namba unabadilika.

Jingine ni mwinuko wa shabaha: ramani ilikuwa kwenye mita, ndege inataka futi. Nilikuwa naandika 45 badala ya 148.

Mlioniambia ninunue joistiki (mkono wa kuongozea ndege) mpya, asanteni, hela imebaki mfukoni. Jana nimeangusha mabomu manne, matatu yamepiga. La nne nililiachia nikiwa bado mbali mno, hilo sina wa kumlaumu.